Kufufua Kompyuta ya Ofisini kwa Gemu za Kisasa

Kompyuta ya mezani iliyostaafu kazi za ofisi haikuundwa kwa ajili ya gemu. Iliundwa iandike barua, ifungue majedwali ya hesabu na ikae chini ya meza kwa miaka bila kumsumbua mtu. Hata hivyo, ndani ya kasha lake mna prosesa yenye viini vinne, nafasi za kuongezea RAM na sloti moja ndefu ya kadi ya grafiki. Vitu hivyo vitatu vinatosha kuigeuza iwe mashine ya kuchezea gemu nyingi za miaka ya karibuni, kwa gharama iliyo mbali na ile ya kompyuta mpya. Kazi hii hufaulu au huharibika kutegemea utaratibu: kujua gemu inadai nini, kutambua kifaa kipi ndicho dhaifu, na kuheshimu mipaka iliyowekwa na kiwanda katika umeme, nafasi na soketi.

Mashine inayozungumziwa

Maduka ya kompyuta zilizotumika, kuanzia Kariakoo jijini Dar es Salaam hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi, huuza zaidi mashine za familia tatu: Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre, na HP za mifululizo ya Elite na Pro. Nyingi ziliachwa na ofisi za Ulaya na Marekani zilipobadilisha vifaa vyao.

Umri wa mashine husomeka katika jina la prosesa. Katika Core i5-3470, tarakimu ya kwanza baada ya kistari, yaani 3, ndiyo kizazi. Kizazi cha pili (2011) na cha tatu (2012) hutumia soketi ya LGA1155, cha nne (2013) hutumia LGA1150, na cha sita (2015) hutumia LGA1151. Vizazi vitatu vya mwanzo katika orodha hii hutumia RAM ya DDR3; kuanzia cha sita DDR4 ilitawala, ingawa baadhi ya bodi zilibaki na DDR3L. Hakuna kuchanganya: prosesa ya kizazi cha nne haikai katika soketi ya kizazi cha tatu, na kipande cha DDR4 hakiingii katika sloti ya DDR3.

Mfano wa sura hii ni Dell OptiPlex 7010 ya mwaka 2012. Bodi yake hubeba chipseti ya Q77 na sloti nne za RAM zinazofikia jumla ya GB 32. Mara nyingi hukutwa sokoni ikiwa na i5-3470 au prosesa ya daraja hilo, RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka. Mnunuzi atazame prosesa kabla ya jina la mashine, kwa sababu mwaka 2023 Dell ililitumia tena jina la OptiPlex 7010 kwa mashine nyingine kabisa yenye prosesa za kizazi cha 13.

Ukubwa wa kasha ni muhimu kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. 7010 ya kasha la mnara ina pawasaplai ya wati 275 na hupokea kadi za kimo cha kawaida. Ile ya kasha dogo ina wati 240 na hupokea kadi za kimo cha nusu tu, ambazo ni chache sokoni. Lile dogo kabisa halina sloti ya kadi ya grafiki, kwa hiyo halifai kwa kazi hii. Anayenunua mashine kwa nia ya kuiboresha achague mnara.

Gemu inadai nini

Picha inayosogea kwenye skrini ni mfululizo wa picha tulivu zinazoitwa fremu. Ili mchezo uonekane laini, fremu 60 zinatakiwa kila sekunde, maana yake kila moja ikamilike ndani ya milisekunde 16.7. Kwa fremu 30, muda ni milisekunde 33.3. Muda huo ukizidi, mchezo hukwama na kuruka.

Kazi ya kila fremu hugawanywa. Prosesa huhesabu mambo ya mchezo wenyewe: mchezaji amebonyeza nini, adui anakwenda wapi, mpira umegonga mwamba au umeingia. Kisha huandika maagizo na kuyapeleka kwenye kadi ya grafiki, nayo huyatekeleza kwa kupaka rangi doti moja moja. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina doti 2,073,600. Prosesa ni kama fundi mkuu anayepima na kuchora ramani ya jengo, na kadi ya grafiki ni kundi la mamia ya vibarua wanaobeba tofali: fundi mmoja hodari hawezi kuyabeba peke yake, wala vibarua hawawezi kuanza kabla ya ramani kufika.

RAM huhifadhi data inayotumika sasa hivi, na diski huhifadhi gemu nzima. Diski ikichelewa, majengo na barabara huchelewa kutokea mchezaji anapokimbia. RAM ikijaa, Windows huanza kuitumia diski kama RAM ya akiba, na mchezo huganda kwa sekunde nzima.

Mashine ya ofisi isiyo na kadi ya grafiki hutegemea sehemu ndogo ya michoro iliyomo ndani ya prosesa. Katika i5-3470 sehemu hiyo ni Intel HD 2500. Haina kumbukumbu yake yenyewe, huazima RAM ya kompyuta, na haiendeshi gemu zinazodai DirectX 12. Kwa hiyo kadi ya grafiki ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote, japokuwa kwa mpangilio wa kazi siyo ya kwanza.

Kupima kabla ya kununua

Kosa linalomaliza fedha za watu wengi ni kununua kifaa kabla ya kujua kipi kinaichelewesha mashine. Vipimo ni vya bure. Programu ya CPU-Z huonyesha prosesa, bodi na RAM zilizomo. CrystalDiskInfo husoma afya ya diski. MSI Afterburner huonyesha idadi ya fremu, matumizi ya prosesa na ya kadi, pamoja na joto, mchezo ukiwa unaendelea.

Kwa mashine iliyokwisha kuwekwa kadi, kanuni ya kusoma vipimo ni fupi. Kadi ikifanya kazi kwa asilimia 95 hadi 100, kadi ndiyo kikomo. Kadi ikikaa asilimia 50 au 60 huku viini vya prosesa vimejaa, prosesa ndiyo kikomo, na kadi kubwa zaidi haitaongeza kitu. Kuna jaribio la kuthibitisha: ukubwa wa picha ushushwe kutoka 1920 kwa 1080 hadi 1280 kwa 720, ambao una doti 921,600 tu. Fremu zikiongezeka sana, kadi ndiyo iliyolemewa. Zikibaki palepale, tatizo liko kwenye prosesa au RAM.

SSD na RAM

Hatua ya kwanza ni SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, kwa kuwa huifaa mashine hata siku ambayo haichezewi gemu. Diski ya kuzunguka husoma takriban megabaiti 100 hadi 150 kwa sekunde inaposoma faili moja kwa mfululizo, na hushuka mno inaporuka kati ya faili ndogo ndogo. SSD ya SATA hufikia takriban 550 na hairuki kwa taabu. Tangu PlayStation 5 na Xbox Series X zilipotoka mwaka 2020 zikiwa na SSD ndani, watengenezaji wameacha kuifikiria diski ya zamani. Starfield ya 2023 inaitaja SSD kuwa sharti, na Cyberpunk 2077 iliiingiza katika mahitaji yake ya chini mwaka huohuo.

Katika 7010, SSD ya inchi 2.5 iunganishwe kwenye plagi za SATA za kasi ya gigabiti 6, kwa sababu baadhi ya plagi za bodi hiyo ni za gigabiti 3. SSD za NVMe hazina sloti yake kwenye bodi hii, na hata zikiwekwa kwa adapta, BIOS, yaani programu ya bodi inayowasha mashine, haiwezi kuzitumia kama diski ya mfumo bila marekebisho. SSD ya SATA ndiyo chaguo lisilo na usumbufu. Diski ya zamani, kama afya yake ni nzuri, ibaki ndani kwa kuhifadhi filamu, picha na gemu nyepesi.

RAM ifuatie. GB 8 ni kiwango cha kuanzia na GB 16 ndicho cha kulenga. Vipande viwili vya ukubwa mmoja ni bora kuliko kimoja kikubwa: DDR3 ya kasi ya 1600 hupitisha gigabaiti 12.8 kwa sekunde kikiwa kipande kimoja, na 25.6 vikiwa viwili katika sloti zinazoshirikiana, ambazo kwa kawaida hutambulika kwa rangi moja. Tofauti hiyo huonekana wazi katika gemu zinazoitegemea sana prosesa. Mnunuzi ajihadhari na RAM za seva zilizoandikwa REG au RDIMM. Huuzwa kwa bei ya kuvutia na huingia kwenye sloti, lakini 7010 haitawaka nazo. RAM za laputopu nazo ni fupi na haziingii kabisa.

Umeme na nafasi

Kadi yoyote kabla ya kununuliwa huulizwa maswali mawili: inakula wati ngapi, na inakaa wapi.

Sloti ya kadi ya grafiki hutoa wati 75 kwa kiwango cha juu. Kadi inayohitaji zaidi ya hapo huwa na tundu la waya wa ziada: la pini 6 huongeza wati 75 na la pini 8 huongeza 150. Pawasaplai za mashine za ofisi kwa kawaida hazina waya hizo. Hesabu ya 7010 ya mnara ni hii: i5-3470 ina kiwango cha wati 77, kadi isiyo na waya wa ziada 75, na bodi, RAM, diski na feni takriban 40. Jumla ni kama wati 190, chini ya 275 za pawasaplai, na bado kuna nafasi ya kupumua. Kadi ya wati 185 ikiwekwa badala ya ile ya 75, jumla huvuka 300 na mashine hujizima katikati ya mchezo au huunguza pawasaplai.

Wapo wanaokwepa hesabu hii kwa adapta inayogeuza waya wa SATA kuwa tundu la pini 6. Njia hiyo ni ya hatari. Waya wa SATA huruhusiwa kubeba ampea 4.5 kwenye volti 12, yaani wati 54, wakati tundu la pini 6 linaweza kudai 75. Plastiki huyeyuka, na si mara moja moto umeanzia hapo.

Njia sahihi kwa kadi kubwa ni kubadilisha pawasaplai. Hapa 7010 ya mnara ina bahati, kwa kuwa bodi yake hutumia plagi ya kawaida ya pini 24. OptiPlex 7020 na 9020 zilizofuata hutumia plagi ya Dell yenyewe ya pini 8, na HP nyingi za kipindi hicho zina plagi za pini 6, kwa hiyo huhitaji adapta maalumu. Pawasaplai mpya iwe ya kampuni inayojulikana. Zile nyepesi za bei ya chini huandikwa wati 500 kwenye karatasi bila kuzifikia, na zikifa huondoka na bodi.

Mashine zilizotoka Marekani zina jambo moja la kutazamwa kabla ya kuchomekwa ukutani. Baadhi ya pawasaplai zina swichi ndogo nyuma yenye maandishi 115 na 230. Ikiwa kwenye 115 na ikachomekwa kwenye umeme wa Tanzania au Kenya, huungua papo hapo. Mahali ambapo umeme hupanda na kushuka, UPS au stebalaiza ni sehemu ya bajeti kama ilivyo RAM.

Kuhusu nafasi, kasha lifunguliwe na kupimwa kwa rula: urefu kutoka nyuma ya kasha hadi kwenye kizimba cha diski, na upana wa sloti mbili, kwa maana kadi nyingi hukalia nafasi ya sloti ya jirani.

Kadi ya grafiki

Kadi zisizohitaji waya wa ziada ndizo zinazoifaa mashine ya ofisi bila kugusa pawasaplai. Nvidia GTX 750 Ti ya mwaka 2014, ya wati 60, ilipata sifa kwa kazi hiyohiyo, lakini leo imezeeka. GTX 1050 Ti ya 2016, yenye kumbukumbu ya GB 4, bado inaendesha gemu nyingi na ndiyo iliyotajwa na EA Sports FC 24 kuwa kiwango cha chini. GTX 1650 ya 2019 ina GB 4 pia na inaizidi kwa kasi. RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024 ikiwa na kiwango cha wati 70, ndiyo yenye nguvu kuliko hizo zote. Pia ina vifaa vya miale ya mwanga na teknolojia ya kukuza picha ya DLSS, ambavyo familia ya GTX haina. Zote tatu za mwisho zina matoleo ya kimo cha nusu kwa ajili ya makasha madogo.

AMD RX 6400 hula wati 53 tu, lakini hutumia njia nne pekee za sloti na ilikusudiwa bodi ambazo sloti zake ni za kiwango cha PCIe 4.0. Katika bodi ya PCIe 3.0 hupoteza sehemu ya kasi yake, na pakiwa na prosesa ya kizazi cha pili, ambayo hutoa PCIe 2.0, hupoteza zaidi. Intel Arc A380 nayo hutegemea kipengele kiitwacho Resizable BAR ambacho mashine za umri huu hazina. Kadi hizo mbili ziachiwe kompyuta mpya zaidi.

Aliyebadilisha pawasaplai anaweza kufikia GTX 1060 ya GB 6 yenye wati 120, GTX 1660 Super yenye 125, au AMD RX 580 ya GB 8 yenye 185. Soko la kadi hizi zilizotumika lilijaa baada ya Septemba 2022, Ethereum ilipoacha mfumo wake wa uchimbaji na wachimbaji wakauza mitambo yao. Kadi iliyochimba si lazima iwe mbovu, ila feni na pesti yake huwa zimechoka, kwa hiyo ijaribiwe kwa nusu saa ya mchezo mzito kabla ya malipo.

Kuna pia kadi za kughushi. Walaghai huchukua kadi za zamani kama GTS 450 au GTX 550 Ti, hubadilisha programu zake za ndani na kuzibandika jina la GTX 1050 Ti. Windows huamini jina hilo. Programu ya bure ya GPU-Z hailiamini: tangu mwaka 2018 ina uwezo wa kuzitambua na kuziandika wazi kuwa bandia. Dalili ya macho ni tundu la VGA. Kadi za GTX 1050 Ti na zilizofuata hazikuundwa na Nvidia kutoa mawimbi ya VGA, kwa hiyo yenye tundu hilo itiliwe shaka.

Kwa sababu hiyohiyo, mwenye skrini ya zamani ya VGA atahitaji adapta yenye chipu ya kugeuza mawimbi, au skrini nyingine. Kadi ikishawekwa, waya wa skrini uchomekwe kwenye kadi yenyewe. Wengi huuacha kwenye bodi, kisha hushangaa kuona hakuna kilichobadilika.

Prosesa

Prosesa huja baada ya kadi, na tu kama vipimo vimeonyesha kwamba ndiyo kikomo. i5-3470 ina viini vinne na nyuzi nne za kazi. Hiyo ilitosha kwa GTA V ilipofika kwenye kompyuta mwaka 2015. PlayStation 5 na Xbox Series zina viini vinane, na gemu zilizoandikwa kwa ajili yake husambaza kazi katika nyuzi nyingi. Kwenye prosesa ya nyuzi nne wastani wa fremu huweza kuwa mzuri huku mchezo ukikatakata kila mchezaji anapoingia eneo jipya.

Dawa ndani ya soketi ileile ni Core i7-3770, yenye viini vinne na nyuzi nane, inayofikia GHz 3.9. Kiwango chake cha umeme ni wati 77, sawa na i5, kwa hiyo pawasaplai na feni hazibadilishwi. BIOS isasishwe kwanza kutoka tovuti ya Dell, kisha prosesa ibadilishwe.

Kuna ukuta ambao i7 hiyo haiuvuki. Kundi la maagizo liitwalo AVX2 lilianza na kizazi cha nne mwaka 2013. Baadhi ya gemu mpya hulihitaji, na bila hilo hazifunguki kabisa, hata kadi ingekuwa na nguvu kiasi gani. Kwa anayenunua mashine leo, hii ni sababu tosha ya kutafuta kizazi cha nne au cha sita ikiwa tofauti ya bei ni ndogo.

Joto na vumbi

Prosesa inayokaribia nyuzi 100 za sentigredi hujipunguzia kasi ili isiungue. Mchezaji huona gemu iliyoanza vizuri ikizorota baada ya dakika ishirini. Mashine yenye zaidi ya miaka kumi huwa na pesti iliyokauka kati ya prosesa na kipoza joto, na tabaka la vumbi kwenye mapezi yake. Kipoza joto kitolewe, pesti ya zamani ifutwe kwa spiriti, na nyingine ipakwe kiasi cha punje ya njegere. Vumbi lipulizwe huku feni ikishikiliwa isizunguke. Mijini na kwenye barabara za vumbi usafi huu urudiwe kila baada ya miezi michache. Pwani, ambako hewa ya chumvi hula metali, kasha lisiwekwe karibu na dirisha lililo wazi.

Betri ndogo ya CR2032 iliyo kwenye bodi nayo ibadilishwe. Ikifa, saa ya kompyuta hurudi nyuma kila umeme unapokatika, na tovuti na maduka ya gemu hukataa kufunguka kwa sababu vyeti vyao vya usalama vinaonekana vya tarehe isiyo sahihi.

Mfumo na draiva

Upande wa programu una mipaka yake. Steam, duka la gemu la mtandaoni, iliacha kuhudumia Windows 7 na 8 tarehe 1 Januari 2024. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, ikiacha mpango wa nyongeza ya masasisho ya usalama kwa watumiaji wa kawaida hadi Oktoba 2026. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na, kwa upande wa Intel, prosesa ya kizazi cha nane au zaidi. 7010 haina hata kimoja kati ya hivyo. Njia za kuisakinisha kwa kukwepa masharti zipo, lakini Microsoft haiahidi masasisho kwa mashine za namna hiyo.

Gemu za ushindani mtandaoni zimeongeza masharti yake kwa sababu ya kupambana na udanganyifu. Valorant kwenye Windows 11 hudai TPM 2.0 na ulinzi wa uwashaji uitwao Secure Boot, na Battlefield 6 ya Oktoba 2025 hudai Secure Boot. Linux ni njia mbadala: Valve, kampuni ya Steam, ilianzisha programu ya Proton mwaka 2018, na kwa kuitumia gemu nyingi za Windows zilizo kwenye Steam huchezeka huko. Valorant na Fortnite hazichezeki kwenye Linux.

Draiva za kadi nazo zina umri. Nvidia ilitangaza kwamba familia za GTX 750 Ti na GTX 1050 Ti zingepata draiva ya mwisho ya gemu Oktoba 2025, na baada ya hapo masasisho ya usalama tu hadi Oktoba 2028. GTX 1650 iko katika familia inayofuata na haikuguswa na uamuzi huo. Kati ya 1050 Ti na 1650 zenye bei zinazokaribiana, hili peke yake linatosha kuchagua.

Ukubwa wa gemu ni gharama nyingine. FC 24 inadai GB 100 za diski na Starfield GB 125. Kwa anayetumia bando, kupakua gemu moja kunaweza kuzidi bei ya kipande cha RAM. Steam inaruhusu gemu kunakiliwa kutoka kompyuta nyingine kwenye mtandao wa nyumbani au kwa diski ya nje, kisha mwenye nakala yake halali hupakua nyongeza chache tu.

Mipangilio ndani ya gemu

Kazi ya mwisho haina gharama. Vivuli, mwakisiko wa mwanga na uoto wa mbali ndivyo hula kadi zaidi, na kuvishusha hadi kiwango cha chini hurudisha fremu nyingi kwa hasara ndogo ya sura. Ubora wa michoro ya nyuso za vitu (texture) hutegemea kumbukumbu ya kadi: kwa GB 4 ubaki wa kati, la sivyo mchezo utakatakata. Umati wa watu na umbali wa kuona huilemea prosesa, kwa hiyo vishushwe pale prosesa inapokuwa kikomo.

Teknolojia ya FSR ya AMD, iliyotoka 2021, huchora picha ndogo kisha kuikuza, na hufanya kazi hata kwenye kadi za Nvidia za zamani. DLSS hutoa picha safi zaidi lakini inahitaji kadi ya RTX. Mahali ambapo fremu 60 hazifikiki, kuzifunga kwenye 30 zilizotulia hupendeza kuliko kuziacha zipande na kushuka kati ya 35 na 55.

Mahali pa kusimama

Mashine ya mfano ikiwa na i7-3770, RAM ya GB 16, SSD na GTX 1650 huendesha GTA V ya 2015, Valorant, Counter-Strike 2 na gemu nyingi za kabla ya 2020 kwa raha. Elden Ring na Cyberpunk 2077 hufunguka kwa mipangilio ya chini na uvumilivu, kwa kuwa ziko juu ya kiwango hiki. Indiana Jones and the Great Circle ya 2024 na Doom: The Dark Ages ya 2025 hudai kadi yenye vifaa vya miale ya mwanga, kwa hiyo GTX yoyote haina nafasi humo.

Kikomo cha matumizi kiwekwe kabla ya kuanza. SSD, RAM na kadi isiyohitaji waya ni fedha zisizopotea: SSD na kadi huhamia kwenye kompyuta ijayo, na RAM ya DDR3 si ghali. Pawasaplai bora nayo huhamia. Prosesa ya soketi iliyokufa haihamii popote. Vifaa vya kuongeza vikifikia bei ya mashine nzima ya kizazi cha nane au cha tisa, ambayo inaruhusiwa Windows 11 na ina AVX2, fedha hizo zikainunue mashine hiyo, na ile ya zamani ibaki kwa masomo na kazi za ofisi.

Aliye na bajeti ya kifaa kimoja tu anunue SSD. Mwenye ya viwili aongeze RAM hadi GB 16. Mwenye ya vitatu atafute kadi ya wati 75 au pungufu, aipime kwa GPU-Z mbele ya muuzaji, na adai risiti.